Sahani ya Mashimba

Mama mkwe na mkwe wake wakikutana njiani, mmoja lazima aingie porini. Ndivyo walivyolelewa watu wa Bariadi, na ndivyo Kabula alivyoishi na Dastan, mume wa binti yake, tangu siku ng'ombe wa mahari walipoingizwa zizini. Hakuwahi kula naye, hakuwahi kumpa mkono, hakuwahi kulitia jina lake kinywani. Akitaka kumtaja alisema "mwenye nyumba wa Flora". Alimjua kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa kengele ya baiskeli, na kwa vitu hivyo vitatu tu alimpenda kuliko wanawake wengine wanavyowapenda wakwe wanaokaa nao meza moja.

Neno likitaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipitia kwa Flora. Mwambie mama nashukuru kwa viazi vikavu vya michembe. Mwambie mwenye nyumba wako paa la jiko langu linavuja. Flora alikuwa mdomo wa pande zote mbili, na kwa miaka yote hiyo haikumjia Kabula hata siku moja kwamba mdomo nao una mwenyewe.

Dastan hakuwa mtu wa hapa. Alitoka Kalemela, kando ya ziwa, akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, fundi wa mitambo. Kisha zikaja zile nyakati za ruksa. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, maduka yakajaa sahani za plastiki na chupa za chai zenye maua, mitumba ikamwagwa gulioni chini, watu wakaichagua wakiwa wameinama, na redio ikawa kila jioni inasema soko sasa ni huria. Njaa nayo ikawa huria. Kiwanda kikapunguza watu, Dastan akiwemo, akarudi nyumbani na ovaroli, mkasi wa kukatia bati na mikono isiyojua kukaa bure.

Mikono ile ilianza na jembe. Lilikuwa jembe lililolika mpaka likabaki kama ulimi wa ng'ombe. Dastan alilipigilia kwenye ubao wa sanduku la chai, akalitia pembe za waya wa shaba na macho ya vifungo vya koti la mtumba, likawa fahali. Watu walicheka, wakasema fundi wa mitambo sasa amekuwa fundi wa takataka, halafu wakarudi kuangalia mara ya pili. Vijiko vilivyokatika mipini vikawa samaki wa kwao Kalemela. Zipu zikawa njia za ng'ombe, mnyororo wa baiskeli ukawa mto, na gunia la pamba lililopakwa gundi na majivu likawa mbuga wakati wa kiangazi. Betri za redio zilizokufa alizipasua, akatoa ule unga mweusi, ukawa usiku. Flora naye alikata kanga kuukuu akazishonea humo, zikawa wanawake wanaotoka kisimani.

Kabula aliyaona hayo kwa jicho moja, kupitia upenyo wa ua wa minyaa, Dastan akiwa hayupo. Alisimama pale akitabasamu peke yake, mtu mzima na mvi zake. Kisha alirudi kwake, ng'ambo ya shamba la pamba, akapekua uvungu wa kitanda na darini, akamjazia Flora kapu: chemli iliyopasuka kioo, pasi ya mkaa isiyo na mpini, kufuli lililopoteza ufunguo, jembe alilolimia marehemu mumewe.

"Mpelekee mwenye nyumba wako. Mwambie asidharau."

"Hadharau, mayu. Anasema una jicho."

Mkwe kusema mama mkwe wake ana jicho! Kabula aliyatembeza maneno hayo kichwani wiki nzima, akiwa shambani, akiwa kanisani, akipepeta mtama.

Kitu kimoja tu hakikuingia kapuni. Kabatini kwake, rafu ya juu, kulikuwa na sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu na jogoo mwekundu katikati aliyefutika mkia kwa kusuguliwa na majivu. Nyuma yake palikuwa na herufi M iliyogongwa kwa msumari. Aliigonga Mashimba, kaka yake Flora, alipokuwa darasa la tatu, ili asigombanie sahani na mtu. Alichapwa kwa hilo, na aliyemchapa ni Kabula.

Ruksa ilipofika machimboni, Mashimba alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kufunga mzigo kwenda upande wa Kahama kutafuta dhahabu. Alisema atarudi wakati wa kuchuma pamba. Pamba ikachumwa, ikauzwa, ikapandwa nyingine, ikachumwa tena. Mmoja akaja akasema amemwona Geita amenenepa, ana jino la dhahabu. Mwingine akasema kuna shimo liliporomoka na waliokuwa chini hawakujulikana majina. Hakuna aliyeleta maiti, wala shati, wala kiatu.

Kwa ukoo wa Kabula mambo ya vyombo yana sheria yake. Mtu akifa, chombo alicholia hutobolewa na kuwekwa juu ya kaburi lake, asije mwingine akala humo. Lakini mtu akiwa safarini, hata ikiwa safari ya miaka, chombo chake huoshwa, hukaushwa, huwekwa kikitazama juu, na ncha ya chuma isikiguse. Chombo kizima, mtu mzima. Kabula hakuwa mjinga. Alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa, rozari aliijua, na padri akimwuliza habari hizo angemjibu vizuri tu na kumridhisha. Ila kila jioni aliishusha ile sahani, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaweka humo tonge la kwanza la ugali kwa muda mfupi, kisha akalila mwenyewe likiwa limeanza kupoa. Kwa tonge hilo alipata usingizi.

Flora hakulipenda jambo hilo. Alikuwa na mimba, ya pili, maana ya kwanza haikukaa, na mimba humpa mtu ulimi.

"Mayu, mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

"Na huyu akiwa wa kiume, nitampa jina gani? Jina la mjomba wake umelifungia kabatini."

"Jina la mtu aliye hai halipewi mtu mwingine. Tafuteni jingine, yamejaa."

Flora akaendelea kuosha vyombo. Kabula alidhani mazungumzo yamekwisha.

Ikatokea dada yake Kabula akaugua huko Nyalikungu, Maswa, naye akapanda gari kwenda kumwona, akamwachia Flora ufunguo wa nyumba amlishie kuku. Aliporudi, kabla hajavua hata viatu, alifungua kabati. Rafu ya juu ilikuwa tupu, na mahali pa sahani pamebaki duara safi katikati ya vumbi.

Flora alipokuja alijibu bila kumtazama machoni. "Mwenye nyumba ameiazima, mayu. Anapimia mviringo kwenye picha yake. Nitamwambia airudishe."

"Leo."

"Leo, mayu."

Kesho yake Flora alisema, "Nimemwambia." Siku iliyofuata alisema, "Amesema anaileta." Na Kabula angefanya nini? Angemtuma nani? Jirani yake Milembe alikuwa na mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukimpa neno wakati wa uji, linakurudia jioni likiwa limeshazaa watoto. Kwenda mwenyewe hakuthubutu. Wazee wao walisema mama mkwe akimwita mkwe wake kwa jina, uso kwa uso, wakati binti ana mimba, mtoto huzaliwa akitetemeka, na wa kutetemeka hakai. Unaweza kulicheka neno kama hilo ukiwa huna mjukuu tumboni mwa mtu. Kabula aliyekwisha kuzika kile kilichotoka cha kwanza, kidogo, ndani ya kitambaa, hakulicheka.

Basi alikaa. Alikaa akiwa na hasira na akiwa na hofu, na kila alipowaza kulala, ile rafu tupu ilikuwa inamtazama.

Asubuhi moja Milembe akaingia uani na ungo mkononi, anacheka.

"Mwangaluka, Kabula."

"Mwangaluka."

"Nimetoka kwa Flora kuazima ungo, nimemkuta anakwenda kliniki. Lakini mkwilima wako ana mambo! Ametengeneza ng'ombe wanarudi zizini, vumbi lote ni gunia, mpaka unataka kupiga chafya. Yule mama wa Kizungu wa mradi wa visima anahama, anakuja kuichukua leo hii. Kumebaki mwezi tu. Na mwezi wenyewe, utacheka ufe, ni sahani! Sahani ya bati yenye jogoo. Ameichora chaki pa kutoboa."

Mchi ulimtoka Kabula mkononi. "Ameshatoboa?"

"Alikuwa ananoa tindo. Kwani..."

Kabula hakusikia kilichofuata. Alikuwa ameshatoka, kanga moja begani, pekupeku, anakata shamba la pamba katikati bila kufuata njia, na vitumba vikimpiga magotini.

Alifika penye upenyo wa minyaa akachungulia kwa mazoea. Dastan ameketi kwenye kigoda, mgongo wake huku. Mbele yake, ubao mkubwa umeegemezwa ukutani, na hapo Kabula, pamoja na yote, alisimama kidogo. Ng'ombe wale walikuwa wanarudi kweli. Majembe ya watu waliokufa yalikuwa migongo ya ng'ombe, jembe la mumewe likiwa la mbele kabisa, analijua kwa ufa wake. Nyuma yao kulikuwa na mchungaji aliyekatwa kwenye pasi yake ya mkaa, kijana mwembamba mwenye fimbo begani, na juu ya mchungaji kulikuwa na anga nyeusi ya betri, na katika anga tundu la duara lililosubiri kitu. Sahani ilikuwa imefunikwa magotini pa Dastan, herufi M inatazama juu, alama nne za chaki zimeizunguka. Tindo mkono wa kushoto, nyundo wa kulia.

Kabula akakohoa.

Lo! Kama kuna kikohozi kilichowahi kumponza mtu, ni hicho. Maana mama mkwe akifika mahali alipo mkwe, hukohoa ili mwenzake apate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Kabula alikohoa hivyo miaka yote, na kifua chake kilifanya kazi yake bila kumwuliza. Dastan naye alikuwa amelelewa vizuri, Mungu amsamehe aliyemlea. Hakugeuka. Alisimama pale pale, akaibana sahani kwapani, akatumbukiza tindo na nyundo mfukoni, akajitwika ule ubao, na kwa kuwa mwenye kazi alikuwa njiani kuja kuichukua, akatokea mlango wa nyuma aende akaimalizie kwingine.

Kabula akavuka ua. Hakuwahi kuuvuka tangu ulipopandwa. Akapita uani kwa mkwe wake, akatokea mlango ule ule wa nyuma, akamwona yuko mbele, ubao kichwani, anaelekea sokoni.

Akamfuata.

Dastan alisikia hatua. Akatazama kwa pembe ya jicho, akaona kanga ya mama mkwe wake, akaongeza mwendo ili kumpisha. Kabula naye akaongeza ili kumfikia. Kadiri alivyomkaribia, ndivyo yule kijana alivyoona haya zaidi, na kadiri alivyoona haya, ndivyo alivyokwenda mbio zaidi, mpaka mwisho akawa anakimbia kabisa, ndala moja imebaki njiani, ubao unapigwa na upepo kichwani, ng'ombe wa majembe wakigongana kwa kelele kama kundi zima limetoroka. Mama mkwe anamkimbiza mkwe wake mchana kweupe! Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zikafurika.

Kabula alilijua neno lililohitajika. Lilikuwa jina tu. Angesema "Dastan, simama," kijana angesimama, hata kama ardhi ingepasuka. Jina lilimjaa mdomoni, likamgonga meno. Kisha akaliona tumbo la Flora, limechongoka chini ya gauni lile la kijani, na kile kitambaa kidogo cha mwaka juzi, akafunga kinywa. Alikimbia kinywa kikiwa kimefungwa, machozi yanamtoka, mpaka pumzi zikamwishia penye njia panda. Ubao ukakata kona nyuma ya vibanda, ukapotea.

Wanawake wa bombani walikuja wakamshika mikono. Walidhani Flora amepigwa.

"Ameelekea wapi?" Kabula aliuliza.

"Mama, rudi. Mambo ya watoto watayamaliza wenyewe."

"Nataka tu... ana kitu changu. Mwambieni..."

"Tutamwambia, mama. Ukimkuta leo utamvunjia binti yako nyumba. Twende ukanywe maji." Walisema kwa upole, na kwa upole huo huo wakamgeuza, wawili kulia na wawili kushoto, wakamrudisha alikotoka. Mtu anayekuzuia kwa ubaya unaweza kumwuma. Hawa ungewafanya nini?

Hakurudi kwake. Aliketi kwenye kile kigoda cha Dastan, uani, katikati ya vijiko na vifungo. Alijiambia huyu mtu ana nyumba, atarudi nyumbani kwake, na akirudi sahani itarudi naye. Akakaa jua likipanda, akakaa likisimama, akakaa likianza kulala. Hakufikiri, au hakutaka kufikiri, kwamba Dastan hawezi kuingia uani mama mkwe wake akiwa ameketi humo. Dastan alikuja mara kadhaa akachungulia kwa mbali, na kila alipochungulia alimkuta amekaa. Kwa hiyo alikwenda kwa Malimi, fundi baiskeli, akaomba meza, akamalizia kazi hapo.

Flora alirudi alasiri, kadi ya kliniki mkononi, miguu imevimba. Alipomwona mama yake kwenye kile kigoda alishika mwimo wa mlango.

"Mayu."

"Ulimwambia arudishe?"

Flora aliikunja ile kadi mara mbili.

"Nimekuuliza. Ulimwambia?"

"Sikumwambia." Akaketi chini, pale pale, na tumbo lake. "Wala hakuiazima. Nilimpa mimi. Nilimwambia mama ameileta pamoja na vitu vingine, ametaka uitumie. Alifurahi, mayu. Alisema sahani kama hii haikatwi, itakaa nzima, itakuwa mwezi."

Kabula alimtazama mtoto wake huyu kana kwamba ni mtu aliyempita gulioni. Aliona jinsi alivyochoka. Aliona pia kwamba Flora hakutubu, au alitubu nusu tu.

"Nimechoka kula na mtu ambaye hayupo," Flora alisema. "Ukiniandalia mimi unaniandalia kwenye plastiki, yeye kwenye sahani yake. Niko hapa, mayu. Mimi niko hapa, na huyu yuko hapa."

Hapo Kabula angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa ya kweli. Alisema moja. "Nenda. Kama hajatoboa, mwambie asitoboe."

Flora akainuka, akaenda kwa ile miguu yake. Aliporudi giza lilikuwa linaingia, na Kabula alimjua kwa mwendo kabla hajafungua mdomo.

"Gari limeshaondoka, mayu. Yule mama wa Kizungu aliifuata picha kwa Malimi."

"Alitoboa?"

"Matundu manne. Ameifunga kwa waya wa shaba."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchimbaji aliyepotea hana kaburi, na sahani yake iliyotobolewa inakwenda Ulaya kuning'inizwa kwenye ukuta wa watu wasiojua hata kulitamka jina lake. Kabula aliondoka bila kuaga. Usiku ule hakukata tonge la kwanza, kwa sababu hakusonga ugali.

Asubuhi Flora akaja anakokota mbuzi, jike la madoa, limenona.

"Ni wa nini?"

"Wa mwenye nyumba. Anasema anaomba radhi. Anasema jana hakukupisha mapema, mkakaribiana mbele ya watu, ni kosa lake." Flora alimwangalia mbuzi, hakumwangalia mama yake. "Jana alirudi anaimba, mayu. Yule mama alipoiona picha alilia. Nilishindwa kumwambia. Nilifungua mdomo, nikashindwa."

Maskini Dastan. Mtu amekukata moyo katikati bila kujua, halafu anakuletea mbuzi wa kuomba radhi kwa kukukanyaga kidole. Kabula alitaka kucheka, na kicheko kilipofika kooni kikageuka. Alilia hapo uani, akiwa ameshika kamba ya mbuzi, kilio alichokuwa amekiweka akiba tangu msimu ule wa pamba ambao Mashimba hakurudi. Alipomaliza alijifuta uso.

"Niletee wembe," alisema.

"Mayu, sikutaka iwe hivi."

"Ulitaka jina. Sasa liko wazi, mpe mwanao. Leta wembe."

Flora akamnyoa. Akamkata mahali pawili, na mvi zikaanguka kwenye kanga. Milembe alipopita akaona kichwa cha Kabula kinang'aa juani, mara hii hakucheka. Alitupa ungo chini akapiga yowe, na kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa watu. Mikeka ikatandikwa. Mbuzi wa radhi akachinjwa, akawa mbuzi wa msiba.

"Habari imetoka wapi?" watu walinong'onezana. "Nani ameileta?"

"Imefika," Kabula alijibu kila aliyemwuliza. Hawakuuliza zaidi, maana mtu aliyenyoa haulizwi mara mbili.

Dastan alikuja mchana. Alikaa mahali mkwe anapokaa msibani, mbali, nje kabisa ya ua, chini ya mti wa mjohoro, mgongo wake kwa wanawake. Kabula aliuona mgongo ule kupitia katikati ya watu. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Baada ya muda alimwita Flora kwa mkono, akamwuliza jambo, na Flora akaja hadi mkekani kwa mama yake, akainama.

"Anauliza ni nani ameleta habari. Anasema angependa kwenda kumwona mtu huyo, amwulize shemeji alikufaje, yuko wapi, kama anaweza kuletwa nyumbani. Anasema atauza baiskeli kwa ajili ya safari."

Kabula alifumba macho. Kumbe hata huruma inaweza kukuumiza kuliko tusi.

"Nimwambie nini, mayu?"

"Wewe ndiye mdomo," Kabula alisema. "Mwambie unachoweza."

Flora akarudi kule, polepole, mkono kiunoni. Kabula alimwona akichuchumaa kwa shida kando ya mumewe. Alimwona akianza kusema, akinyamaza, akianza tena. Ilichukua muda mrefu kuliko uongo unavyochukua. Kisha mikono ya Dastan, ile mikono isiyojua kukaa bure, yenye makovu ya mkasi wa bati, ikapanda juu taratibu na kukishika kichwa chake, na mgongo ukaanza kutikisika.

"Mkwe huyu ana utu," alisema mwanamke mmoja mkekani. "Tazama anavyomlilia shemeji yake ambaye hata hakumfahamu."

Kabula aliutazama ule mgongo. Hasira aliitafuta hakuiona, imekwenda wapi hajui. Alichotaka sasa ni jambo dogo kabisa: kuinuka, kuvuka ule uwanja, kumshika kijana yule begani na kumwambia si kosa lako, baba. Kumwambia pia kwamba aliiona. Kwamba mchungaji yule wa pasi alitembea kama Mashimba, fimbo begani vile vile, na mwezi ule ulimstahili. Zilikuwa hatua chache tu, na hakuwa na ruhusa ya kuzipiga.

Milembe alikuwa pembeni yake, tayari, masikio wazi. Kumpa Milembe neno kama lile ni kulipeleka gulioni. Kabula akamtafuta Flora kwa macho ili amtume. Flora alikuwa bado kule kule chini ya mjohoro, amejifunika kanga usoni, analia sambamba na mumewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.